Upendo Unaobaki Baada ya Sherehe

Mpendwa, mfikirie mama kijana wa Tucson, Arizona, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Sonora, Mexico. Mtoto wake ametimiza mwaka. Kila anayebisha hodi humkimbilia mtoto: ana meno mangapi, ameshaanza kusimama? Ni furaha ya haki. Lakini ni nani aliyekaa karibu na mama akamuuliza hali yake?

Mwilini mwake kuna kazi isiyoonekana. Anapomwachisha mtoto ziwa, seli zilizokuwa zikitengeneza maziwa huondolewa kwa utaratibu, kama watu wanavyoshusha maturubai baada ya harusi. Kazi hiyo hufanana na kupona kwa jeraha, na watafiti wameona kwamba mazingira hayohayo yaweza kuisaidia saratani kuenea. Uchambuzi wa tafiti 15 uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya titi kwa aliyejifungua huizidi ya asiyezaa, hufikia kilele miaka 5 hivi baada ya uzazi, kisha hupungua polepole. Usiogope, mpendwa. Katika umri wa uzazi wanaougua ni wachache, na kunyonyesha kunabaki baraka kwa mama na mtoto.

Miongoni mwa wasimamizi wa kazi hiyo ya kuondoa seli ni maikroRNA, vipande vyenye herufi 22 hivi za kemikali. Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun waliitambua kwa kuchunguza mnyoo mdogo sana, wakatangaza matokeo mwaka 1993. Wengi walidhani ni jambo la mnyoo tu. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2024. MaikroRNA huushika ujumbe wa jeni kabla haujawa protini, ikautuliza. Kiasi chake kikivurugika, seli yaweza kukua pasipo mipaka. Ndiyo maana watafiti wameitafuta ndani ya uvimbe wa wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliougua baada ya kujifungua. Huko Marekani, saratani ya titi ndiyo inayoongoza kwa vifo vya saratani miongoni mwa wanawake wenye asili hiyo.

Ikiwa hatari kwa mama hubaki miaka kadhaa baada ya uzazi, nami najiuliza pamoja nawe: upendo wetu hudumu muda gani baada ya sherehe ya mtoto kuzaliwa? Injili ya Marko inasimulia jinsi Yesu alivyokuwa akienda nyumbani kwa mtu aitwaye Yairo, kwa sababu binti yake mdogo alikuwa mahututi. Umati mkubwa ulimfuata. Njiani mwanamke aliyekuwa ameteseka miaka 12 akaligusa vazi la Yesu, naye Yesu akasimama. Hakumwacha mtoto, wala hakumpita mwanamke. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita binti.

Je, yuko mama nyumbani mwako aliyezoea kujiweka nyuma? Akigusia kivimbe kisichoisha, ngozi ya titi iliyobadilika, au chuchu inayotoa damu, usimwambie ni maziwa tu. Mbebee mtoto, umsindikize kliniki. Na akiambiwa hakuna tatizo, usijutie safari. Hiyo pia ni ibada.

Labda wewe ndiwe mama huyo, na ulichelewa kwenda kwa daktari, sasa unajilaumu. Ugonjwa wako si adhabu. Ulikuwa ukiwalea wengine kwa nguvu zote ulizokuwa nazo. Pokea msamaha, ujisamehe, kisha uchukue hatua ya leo. Na kama wewe ni mume, mama mkwe au dada uliyesahau kuuliza, mlango haujafungwa. Nenda ukaombe radhi bila kujitetea, kisha uulize tena juma lijalo, na juma litakalofuata.

Uaminifu mdogo unaorudiwa ndio unaozuia mengi mabaya yasikue. Juma hili, kabla hujauliza habari za mtoto, anza na mama yake.