Ziada ya Mafuta ya Taa: Wakfu, Jua na Haki ya Jirani katika Mji wa Kale wa Mombasa

Kwa karne nyingi misikiti ya pwani ya Waswahili ilimulikwa kwa mali ya waliokwisha kufa. Mtu alitoa minazi, duka au nyumba ya kupangisha, akaweka sharti kwamba pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti wa mtaa wake, na tangu siku hiyo mali ikawa wakfu: haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi. Asili ya jambo hili ni kongwe. Ibn Majah amepokea kwamba wa kwanza kuwasha taa misikitini alikuwa sahaba Tamim al-Dari, na katika mkusanyo wa Abu Dawud imepokewa kwamba asiyeweza kufika Baitul Maqdis kusali apeleke mafuta ya kuwashia taa zake. Mombasa, mali ya namna hii ilikuwa na uzito wa kutosha hata utawala wa Waingereza ukaitungia sheria mwaka 1900, na Makamishna wa Wakf wakawa na afisi yao mjini humo.

Stima ilipochukua nafasi ya mafuta, fikihi ilikuwa na jibu jepesi. Makusudio ya mtoaji yalikuwa mwanga, basi pato la wakfu na lilipe bili. Paneli za sola juu ya paa la msikiti ni hatua nyingine katika njia hiyo hiyo: wanamtaa wanachanga, wanaziweka, na kila taa iwakayo inaandikwa sadaka jariya kwa waliochanga. Hapo hakuna mzozo. Mzozo unaanza pale stima inapozidi mahitaji ya msikiti, kwa kuwa ni lazima ijulikane ile ziada ni ya nani.

Na itazidi, kwa sababu ya saa za sala zenyewe. Alfajiri, Magharibi na Isha husaliwa jua likiwa halijachomoza au limeshatua. Adhuhuri na Alasiri feni na pampu ya maji ya udhu hufanya kazi, na Ijumaa zaidi. Lakini kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu na Adhuhuri, katika mji ulio nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua linapiga mabati kwa nguvu zote ilhali ndani yupo mzee mmoja na msahafu wake, chini ya feni moja. Nyuma ya ukuta huo huo, umbali wa hatua mbili za kichochoro, jirani anasoma kwenye mita tokeni zilizobaki na kukata shauri kama atazima friji.

Hadithi mashuhuri inasema kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wa Kihanafi waliichambua kwa makini yanayofaa kuigwa. Aliyewasha moto, walisema, hana haki ya kumzuia mwingine kuota joto lake wala kutumia mwanga wake; lakini kaa la moto ni lake, na mtu hawezi kulichukua bila idhini. Jua linaingia katika ushirika huo bila ubishi. Paneli, nyaya na betri ni kaa la moto: zina mwenyewe, na mwenyewe hapa ni wakfu. Stima iliyokwisha kuzalishwa imekaa katikati, na iliyo karibu nayo zaidi ni hadithi nyingine, ile inayokataza kuzuia maji yaliyozidi. Mwenye kisima hutangulizwa kwa haja yake, ya mifugo yake na ya watu wake; kinachobaki kina haki ya wengine ndani yake.

Upande wa pili una hoja nzito. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, ni makali katika mali ya msikiti: sharti la mtoaji lina nguvu karibu na ile ya nassi, na mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, akipeleka mali ya msikiti kwingine amevunja amana. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, katika kitabu chake al-Mughni, analegeza: mikeka na mafuta ya taa yaliyozidi haja ya msikiti yaweza kupelekwa msikiti mwingine, au kupewa maskini walio jirani nao. Hata Mashafi wenyewe walikataza kuwasha taa ya wakfu usiku kucha ndani ya msikiti uliofungwa, usio na mtu wa kufaidika nayo. Kwao pia, kupotea bure si kuhifadhi.

Katika suala la sola kauli ya Ibn Qudama ina nguvu zaidi, kwa sababu ambayo yeye hakuwa na haja ya kuifikiria. Mafuta ya taa huwekwa kwenye mtungi yakangoja kesho. Stima isiyotumika papo hapo, kama betri imeshajaa, haipo tena. Mutawali anayeizuia kwa ajili ya msikiti hajaubakizia msikiti kitu.

Hoja hii ina mpaka wake. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba mkataba wa kuingiza ziada yake kwenye gridi na kupunguziwa bili. Msikiti wenye mkataba huo una ziada yenye thamani, na kuigawa ni kutoa mali ya wakfu kweli. Dawa ni kuandika sharti mapema, siku ya kuchangisha: kinachozidi kitakwenda wapi, kwa kiasi gani, na nani ataamua. Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanaouza hewakaa ya mikoko tangu 2013 walikubaliana hivyo hivyo, pato likaelekezwa kwenye maji na shule. Kuvuta waya hadi nyumba ya jirani kunahitaji leseni, na ni hatari vichochoroni. Lililo jepesi zaidi ni kuitumia stima ya saa nne kupandisha maji ya kisima cha msikiti kwenye tangi lenye bomba la nje, kama sabili za zamani. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, lakini ya kufulia na kusafishia yanatosha, na mji wenye mifereji mikavu kama Mombasa hauyadharau.

Haki ya jirani haiishii kwenye kupewa. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inahusu pia betri. Owino Uhuru, bara ya Mombasa, wakazi waliugua kwa sumu ya kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri zilizochakaa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri nyingi za bei nafuu za sola ni za risasi hiyo hiyo. Msikiti unaofurahia mwanga safi huku betri zake kuukuu zikienda kwa mnunuzi wa vyuma asiyejulikana umehamisha madhara tu, na kwa kawaida umeyahamishia kwa maskini.

Inabaki kazi yenyewe. Al-Ghazali, katika Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fikihi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu, ilhali utabibu ni fardhi kifaya: asipopatikana wa kuufanya, dhambi ni ya mji mzima. Fundi wa sola yumo katika hesabu hiyo. Mombasa ilikuwa na fikra hii zamani. Taasisi ya MIOME, iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora ili vijana wa Kiislamu wapate elimu ya ufundi, ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Lakini michango ya misikiti hununua vifaa kwa furaha na kusahau mikono. Upepo wa bahari unakula skrubu, chumvi inaganda juu ya kioo, na paa la nyumba ya kale haliguswi ovyo kwa kuwa mtaa uko chini ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo hati ya wakfu wa jua inahitaji kifungu ambacho hati za mafuta ya taa hazikukihitaji: fungu la kila mwaka la ujira wa fundi wa mtaa mwenye leseni, linalotolewa kabla ya ziada yoyote kugawiwa.