Mpenzi wa Vibonzo na Haki ya Kumkabili Msanii: Tafakuri Kuhusu Hagadera

Uhusiano wa msanii na hadhira yake ni suala kongwe katika uhakiki, ila kwa kawaida limejadiliwa kana kwamba kazi ya sanaa ndiyo daraja pekee baina ya pande hizo mbili. Roland Barthes, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1967, alifikia hatua ya kumzika mwandishi ili msomaji apate kuzaliwa. Wapenzi wa vibonzo hawakuhudhuria mazishi hayo. Tangu kuanzishwa kwa kongamano la San Diego mwaka 1970, na tamasha la Angoulême nchini Ufaransa mwaka 1974, wamekuwa wakisafiri, wakilipa kiingilio na kusimama foleni kwa saa nyingi ili wamwone kwa macho yao mtu aliyevichora vitabu wanavyovipenda, wampe mkono, naye awatilie saini. Je, mpenzi wa sanaa ana dai lolote juu ya msanii zaidi ya kuisoma kazi yake? Na kama analo, dai hilo huwaje kwa mpenzi asiyeruhusiwa kusafiri?

Huko San Diego swali hili ni jepesi. Uzito wake huonekana Hagadera, katika Kaunti ya Garissa. Hagadera, Ifo na Dagahaley ndizo kambi tatu za mwanzo za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992 ili kuwapokea watu waliokimbia vita vya Somalia. Zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Mwaka 2011, mwaka wa njaa, idadi katika eneo zima la Dadaab ilipita 400,000. Taratibu za Kenya zimemtaka mkimbizi awe na kibali maalumu ndipo atoke kambini, na kibali hutolewa kwa sababu zinazotambuliwa, kama vile matibabu au masomo. Ni vigumu kuwaza afisa atakayeandika kwenye kibali kwamba mwombaji anakwenda Nairobi kuonana na mchora vibonzo. Wapo waliozaliwa Hagadera ambao sasa wamekwisha kuwa wazazi, na bado utaratibu huo unawahusu.

Mtu huyu asiyeweza kumfuata msanii, hata hivyo, amekwisha kuchorwa. Mwaka 2020 kilichapishwa Marekani kitabu When Stars Are Scattered, ambacho ni tawasifu kwa njia ya vibonzo. Waandishi wake ni Victoria Jamieson na Omar Mohamed, na rangi zilitiwa na Iman Geddy. Kinasimulia maisha ya Mohamed na mdogo wake Hassan, watoto waliotenganishwa na mama yao na kulelewa Ifo. Humo mna foleni za maji, mgao wa chakula, shule, na ile hali ya kungoja kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, hali ambayo huwashughulisha watu kuliko kazi yoyote. Hassan anatamka neno moja tu, hooyo, yaani mama. Kitabu hicho kiliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huohuo, upande wa vitabu vya vijana.

Kwa mujibu wa Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu fani ya vibonzo, sura iliyochorwa kwa mistari michache humwezesha msomaji yeyote kujiona ndani yake. Kadiri maelezo ya sura yanavyozidi, ndivyo inavyokuwa sura ya mtu mwingine. Nadharia hii inaeleza vizuri kwa nini mtoto wa Ohio anaweza kujiona katika Omar wa Ifo. Haielezi vizuri kinachotokea kitabu hicho kikifunguliwa Hagadera. Msomaji wa huko hahitaji kusaidiwa ajione. Ataangalia iwapo mtungi umebebwa inavyobebwa, iwapo miiba ya ua imefungwa inavyofungwa, iwapo kilichochorwa ni Ifo kweli au ni kambi yoyote ya Kiafrika. Huyu ni mpenzi wa vibonzo na papo hapo ni shahidi. Wala si shahidi wa Ifo tu: atasema pia kwamba Hagadera si Ifo, jambo ambalo msomaji wa mbali hana haja ya kulijua.

Hapa inafaa kuikumbuka mila ya ushairi ya Wasomali, ambao ndio wengi kambini humo. Andrzejewski na Lewis walieleza mwaka 1964 jinsi mashairi yalivyosafiri nyikani kwa vinywa vya watu walioyahifadhi. Aliyelihifadhi shairi alipaswa kumtaja mtunzi na kutoyabadili maneno yake kwa makusudi. Mpenzi wa shairi aliweza kuishi na kufa bila ya kumwona mtunzi, na mapenzi yake yasitiliwe shaka, kwa kuwa yalipimwa kwa amana. Kwa kipimo hiki saini ya San Diego ni kitu hafifu, kwani yathibitisha tu kwamba watu wawili walikuwa chumba kimoja. Mpenzi wa Hagadera anayekisimulia kitabu kwa mwenzake bila kukipotosha, na akawataja wenyewe, amemtimizia msanii wajibu ambao wengi wa wale wenye tiketi hawautimizi.

Hoja hiyo inavutia, na pengine hapo ndipo ilipo hatari yake. Ikiwa mapenzi ya kweli hayahitaji kukutana, basi aliyezuiliwa asikutane na msanii hakupoteza kitu, na kizuizi cha barabarani kinapewa utetezi na nadharia ya fasihi. Isitoshe, mfano wenyewe una kasoro. Mhifadhi wa shairi hakuwa ndiye anayeelezwa ndani ya shairi. Na alipoelezwa, alipotukanwa kwa mfano yeye au ukoo wake, mila ileile ilimpa njia ya kujibu kwa shairi, na jibu lilisafiri kurudi kwa njia iliyolileta tusi. Amana iliambatana na haki ya kujibu. Kuichukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili ni kuigawa mila vipande na kuchukua kile kisichokugharimu.

M. M. Mulokozi amesisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, ambamo fanani na hadhira huwapo pamoja, na hadhira huweza kuingilia kati. Kongamano la vibonzo lingeweza kutazamwa kama jitihada ya fani ya maandishi kulirudia tukio hilo, lakini limechukua kuwapo pamoja na kuacha kuingilia kati. Mbele ya meza ya msanii, foleni ikiwa imekunja kona, hakuna nafasi ya kusema "sivyo ilivyokuwa". Yapo majaribio ya njia nyingine. Jarida la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010 na kusambazwa bure, liliwaita wasomaji wamwandikie mhusika wake mkuu, mtangazaji kijana Boyie, kwa ujumbe wa simu. Huko hakuna haja ya kibali wala nauli, ila anayejibiwa hujibiwa na mhusika, na mchoraji anabaki nyuma ya pazia.

Joe Sacco naye aliigeuza safari: msanii ndiye aliyekwenda. Palestine, kilichotokana na ziara yake ya 1991 na 1992 na kuanza kutoka kwa matoleo mwaka 1993, kinamwonyesha yeye mwenyewe akinywa chai katika nyumba za wakimbizi, miwani ikiwa haina macho nyuma yake, na wenyeji wakimuuliza kuna faida gani kumsimulia. Maswali hayo ameyachora. Hilo ni jambo la heshima, ingawa aliyeyachagua maswali ya kuchorwa ni yeye.

Kuhusu When Stars Are Scattered, makutano yaliyokizaa hayakuwa ya shabiki na msanii. Mohamed alikuwa akifanya kazi na shirika linalowahudumia wakimbizi huko Lancaster, Pennsylvania, na alikuwa ameanza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya watu wazima. Jamieson, ambaye tayari alikuwa na jina katika vibonzo vya watoto, alijitolea katika huduma hiyohiyo. Walishirikiana hatua kwa hatua, na majina yote mawili yamo kwenye jalada. Katika ushirikiano wa namna hiyo mwenye maisha anaweza kuukataa mchoro kabla haujachapwa, na mchoro ukabadilishwa. Hicho ndicho mpenzi wa Hagadera anachostahili kukidai, na foleni ya saini haimpi. Mohamed mwenyewe alikipata mjini Lancaster, baada ya kuondoka Ifo mwaka 2009.