Ndimi za Mawe za Malta



Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28, chatusimulia jinsi Mtakatifu Paulo, baada ya merikebu kuvunjika, alivyookoka katika kisiwa cha Malta. Alipokuwa akitia kuni motoni, nyoka alimshika mkono. Mtume akamkung'utia motoni, wala hakupatwa na dhara lolote.

Kisiwa kile ni mwamba wa mawe ya chokaa. Katika mwamba huo watu waliokota vitu vigumu, vyenye kung'aa na ncha kali, mfano wa ulimi. Wakasema: «Hizi ni ndimi za nyoka waliolaaniwa na Paulo, zikageuka mawe.» Wakazivaa kama hirizi, wakazichovya katika divai, wakitumaini kukingwa na sumu.

Mwaka 1666, mjini Florence, tabibu mmoja wa Denmark, Niels Stensen, alipasua kichwa cha papa, yule samaki mkali wa baharini. Akaona meno yake yafanana na ndimi zile za mawe. Mwaka 1667 alitoa maandiko yake, akionyesha kwamba zile ni meno ya papa wa kale, yaliyozikwa katika matope ya bahari. Leo twajua ya kuwa mwamba wa Malta ulifanyika chini ya bahari, miaka milioni nyingi iliyopita. Maganda na mifupa ya viumbe vya maji yalilala tabaka juu ya tabaka. Tabaka nyingine zilifanyika katika maji ya kina kifupi, palipoota matumbawe. Kisha nchi ikainuka.

Je, Stensen alipoteza imani kwa kuyajua hayo? Hata kidogo! Mwaka ule ule wa 1667 aliingia katika Kanisa Katolika. Mwaka 1675 akapata upadri, mwaka 1677 uaskofu, na mwaka 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Na sifa ya Paulo, je, ilipungua? Wala. Maandiko Matakatifu hayakutaja ndimi za mawe. Hadithi ile ilikuwa ya wanadamu. Walitaka kumheshimu Mtume, kumbe walilitumainia jiwe.

Enyi wazazi nanyi walimu wa dini, watoto wetu hujifunza shuleni habari za miamba na umri wake. Wakiuliza, tusiwanyamazishe, wala tusitunge hadithi ili kuipa imani nguvu. Njia ya mwongo ni fupi. Mtoto akigundua kwamba tulimdanganya juu ya jiwe, atatusadiki namna gani tukimfundisha juu ya Altare? Aliyeumba bahari ya kale ndiye aliyetupa akili ya kuichunguza. Hawezi kujipinga mwenyewe.

Basi tutupe hirizi, tushike kweli, na tumtumainie yeye peke yake.

Ee Mungu, Mwumba wa bahari na nchi kavu, utujalie kuipenda kweli yako popote tuionapo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.