Nani Anakujua Hapa?

Mtanzania anayeishi Kasumbalesa, mji wa Kongo mpakani na Zambia, hapati shida ya kuona fedha. Zimepangwa mezani kando ya barabara: mabunda ya faranga za Kongo yaliyofungwa kwa mpira, kwacha za Zambia, dola, hata shilingi zetu ukiuliza kwa upole. Malori ya shaba na kobalti yamesimama foleni kungoja kuvuka, na pembeni yake kambiste, mbadilisha fedha wa barabarani, anakutajia bei ya dola ya leo kabla hujamaliza kumsalimu. Shida huanza unapozitaka fedha zako mwenyewe, zile ulizoziacha benki nyumbani kwa jina lako.

Benki hutuma namba ya siri kwenye simu. Laini ya Tanzania, uliyoisajili kwa alama za vidole, huku mara inashika mtandao mara haishiki. Ujumbe haufiki, muda unaisha, unajaribu tena, akaunti inafungwa kwa usalama wako. Ukipiga simu, unaambiwa ufike tawini na kitambulisho. Tawi liko Dar es Salaam. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008, na Kongo ipo pia, ila kuwa mteja wa kule hakukufanyi mteja wa hapa. Unaanza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Ukisema basi ufungue akaunti Lubumbashi, mwendo wa kilomita 90 hivi, unakuta fomu ya Kifaransa, cheti cha makazi, barua ya mwajiri. Wengi wetu tunajiajiri. Kila karatasi inauliza jambo lile lile: nani anakujua hapa?

Nimelitafakari sana swali hilo, na naliona ni swali la haki. Anayetunza mali za watu lazima ajue anampa nani. Kinachoniuma ni jibu linalokubaliwa. Jirani aliyekupeleka hospitali usiku wa homa anakujua. Muuza unga anayekukopesha hadi mwisho wa mwezi anakujua kuliko mwajiri yeyote. Ushahidi wao hauna mahali pa kuandikwa.

Mgeni anaweza kudhani yaliyompata ni ya ugeni. Akikaa na wenyeji wa makamo atasikia mengine. Desemba 1979 serikali ya Rais Mobutu ilifuta noti za 5 na 10 za zaire, sarafu ya nchi wakati huo, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha; waliokuwa mbali na benki wakabaki na makaratasi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Zidisha mwenyewe: faranga moja ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Aliyeweka akiba ya uzee wake benki alikuwa amefanya kila alichoambiwa na watu wenye busara. Halafu mwaka 2016 wateja wa benki ya BIAC wakapanga foleni kudai chao, wakapimiwa kidogo kidogo. Watoto wa watu hao ndio leo wanaoikagua dola yako kwenye mwanga na kuikataa kwa mchaniko mdogo pembeni. Mimi siwalaumu.

Kwa hiyo fedha hapa zinalala kwa watu. Dereva anayengoja siku kadhaa kuvuka hathubutu kulala na posho ndani ya kabini, maana wezi wanajua kilichomo. Anamwachia mama anayempikia bukari, ugali wa huku. Hakuna risiti. Mama anaijua sura yake, lori lake, na wenzake watakaomuuliza kama kuna neno. Nimeona amana hizo zikirudi kamili, na kila mara naona heshima kubwa kwa mwanamke asiye na kasiki wala mlinzi.

Hata hivyo sitaki kuupamba utaratibu huu. Mama akifa ghafla, dereva atamdai nani? Na binti aliyefika juzi kutoka Mbeya na mzigo wake wa mchele, asiye na mtu wa kumtaja, huyo hata amana ya mama haimfikii. Uaminifu wa watu kwa watu unawalinda waliokwisha kufahamika, na anayeuhitaji zaidi ni yule ambaye bado.

Ndiyo maana naitaka benki, tena iliyo karibu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Benki ya CRDB ya Tanzania ikafungua milango Lubumbashi mwaka 2023, na Wakenya walikwisha kutangulia kwa benki yao ya Equity. Sarafu moja ya Jumuiya, iliyotarajiwa 2024, imesogezwa hadi 2031. Naitamani, lakini hata ikija kesho haitamsaidia binti wa Mbeya iwapo dirishani ataulizwa kwa Kifaransa karatasi asizonazo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo, na karani mwenyewe anakizungumza na wenzake nyuma ya kioo. Fomu iandikwe kwa lugha hiyo. Mkuu wa mtaa atie sahihi, na mama wa bukari naye, kama anamjua aliyesimama mbele ya karani. Mwanzoni akaunti iwe na kikomo kidogo, kipanuliwe kadiri mtu anavyoonekana. Mama yule hufanya hivyo hivyo: mara ya kwanza hapokei fedha nyingi za mtu asiyemjua.