Picha za Nyumbani Mwenu Zinakaa Wapi?



Leo nawaomba mwende mkaangalie mahali picha za jamaa yenu zinapokaa. Katika nyumba nyingi ninazotembelea kama katekista, nazikuta chini ya godoro au juu ya kabati pamoja na stakabadhi za karo. Hata kwangu zilikuwa hivyo. Zilikaa miaka 14 ndani ya mfuko wa nailoni.

Mwaka 2008 mama mkwe wangu alifariki. Ndugu wakahitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tuliumwaga ule mfuko mezani sebuleni. Picha yake tuliipata, lakini ilikuwa imeingia unyevu na kushikana na nyingine, na nilipoivuta uso wake ukabanduka. Mke wangu hakusema neno. Aliinua macho akatazama ukutani, walikotundikwa baba yangu na mama yangu ndani ya fremu za vioo. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Miaka yote hiyo ukuta wetu ulikuwa na watu wa upande mmoja.

Mbele ya altare tuliahidi kuwa mwili mmoja. Je, wazazi wa mwenzako si wazazi wako? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani. Kanisa halisahau watu wake, wazima na marehemu. Yoshua naye aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni Yordani, ili watoto wakiuliza maana yake, wasimuliwe matendo ya Mungu. Picha zetu ni mawe ya namna hiyo.

Basi tufanye nini, nasi hatuna fedha za albamu za bei?

Kwanza, Jumapili alasiri kaeni wawili mezani, mikono ikiwa safi na mikavu, mzipange picha kwa miaka. Zilizoshikana msizivute kwa nguvu kama mimi; mwonyesheni mpiga picha mwenye ujuzi. Nyuma ya kila picha andikeni polepole kwa penseli laini: jina, mahali na mwaka. Biro huacha alama upande wa mbele. Majina msiyoyajua waulizeni wazee wangali hai.

Pili, chukueni katoni ya viatu. Kateni kadibodi iwe vigawanyo, mviandike: harusi, ubatizo, kwa kina baba, kwa kina mama. Katoni ikae mbali na moshi wa jiko na sakafu yenye unyevu.

Tatu, daftari la jalada gumu laweza kuwa albamu. Msipake picha gundi, wala uji wa unga, kwani mende huufuata. Kunjeni vipembe vya karatasi, mvibandike kwenye ukurasa, kisha mchomeke picha humo. Siku mkitaka kuitoa, haitachanika.

Nne, ukutani. Funikeni kadibodi kwa kitenge kikuukuu iwe fremu, au vuteni kamba ya katani kati ya misumari miwili, mtundike picha kwa vibanio vya nguo. Epukeni ukuta unaopigwa na jua, maana rangi hufifia. Picha mliyo nayo moja tu, toeni nakala ya kutundika, yenyewe ibaki katonini.

Na zile za kwenye simu? Simu huibwa, tena huanguka majini. Kila mwaka chagueni 10 mzichapishe.

Wazee wa pande zote mbili wawe ukutani. Na kama mmepoteza mtoto, picha yake isitundikwe wala kufichwa kabla hamjaulizana kwa upole. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, iwekeni mezani msali pamoja.

Mimi nilimwandikia shemeji yangu, akatutumia picha nyingine ya mama yao. Niliitengenezea fremu ya kadibodi na leso, nikaitundika kando ya mama yangu. Mke wangu alipoiona alinyamaza tena, lakini safari hii alivuta kiti akaanza kuwasimulia watoto habari za nyanya yao.

Usiku wa leo ulizaneni: ni nani wa upande wa mwenzangu ambaye nyumba yetu imemsahau?

Mungu azibariki ndoa zenu.