Matambara ya Ebedmeleki

Somo: Yeremia 38:6–13

Nina skafu 64. Nilizihesabu Jumatatu usiku kwa tochi ya simu, umeme ulipokatika, na nikaona haya kidogo, maana shingo ninayo moja na joto la Dar es Salaam halitoi nafasi hata ya kuivisha hiyo moja. Zote ni za mtumba. Nyingi nimezinunua Tandika, chache Karume na Manzese, na mbili Kinondoni, kwenye vile vijiduka ambako mtumba hufuliwa, ukapigwa pasi, ukatundikwa kwenye henga na bei ikapanda mara tano.

Pale Tandika wananiita mama mchungaji. Nimechoka kueleza kwamba mchungaji ni mimi. Mume wangu ni fundi umeme. Nikitokeza tu kichwa nasikia, “Mama mchungaji, leo tumefungua!” Maana yake belo limefunguliwa. Asiyeijua kazi hii hudhani nguo zinamwagwa tu chini na watu wanaokota. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limekazwa kwa mikanda, na kilichomo hukijui. Unasoma maandishi ya nje, unaligeuza, unalitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa asiyesema, kisha unalipa. Akina mama wawili watatu huchanga mtaji ili hasara, ikija, isimwangukie mmoja. Mikanda inakatwa alfajiri. Wenye maduka wameshafika na tochi zao, wanachagua za kwanza kwa bei ya juu. Mimi hufika saa tatu, skafu zikiwa 2,000. Saa nane ni buku. Jioni kijana anapanda juu ya meza na kupiga makofi: jero, jero, jero!

Belo la skafu ni baridi ya watu wengine iliyofungwa kwa mikanda. Humo mna sufu nzito ambazo hapa kwetu hazina kazi, labda kwa mtu anayekwenda Makete mwezi wa saba. Mna hariri, na nailoni inayojifanya hariri. Mna skafu za timu za Uingereza. Nyekundu na nyeupe hunyakuliwa na watu wa Simba bila hata kusoma maandishi. Siku moja nilikutana na kijana anaelekea Uwanja wa Mkapa, shingoni ana skafu ya manjano na kijani ya Norwich City, akiamini kwa moyo wake wote kwamba ni ya Yanga. Sikumsahihisha. Imani yake ilikuwa kubwa kuliko ya washarika wangu wengi.

Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya. Jina lina ukali: aliyeivaa amekufa, ndiyo maana imekufikia, na huna wa kumshukuru. Lakini wengi wa waliozivaa wako hai. Wamefungua kabati, wakatoa, wakapeleka kwenye duka la hisani. Duka likauza zilizouzika; zilizobaki likaziuza kwa kilo, wachambuaji wakazifunga mabelo, na kilichotoka nyumbani kwa mtu kikiwa sadaka kikashuka bandarini kikiwa bidhaa, mama wa Tandika akakilipia. Mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, wengi tulisema jambo lenyewe ni heshima. Marekani ikatukumbusha AGOA, nafuu yake ya ushuru kwa bidhaa za Afrika, wengine tukarudi nyuma, na mwaka 2018 Rwanda, iliyokataa kulegeza, ikasimamishiwa nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Sisi tukaendelea kuchagua. Mgogoro huo siwezi kuuamua kutoka mimbarani, tena na skafu 64 chumbani.

Ila hapo zamani, kati ya mtoaji na mpokeaji, alisimama mchungaji mwenzangu. Mwaka 1902, mjini Boston, Edgar Helms wa Kanisa la Methodisti alizunguka kwenye nyumba za wenye nacho na magunia, akiomba nguo na vyombo walivyoviacha. Havikugawiwa jinsi vilivyokuwa. Aliwaajiri maskini wa mtaa wake wavishone na kuvitengeneza, wakalipwa, vikauzwa kwa bei ndogo. Goodwill ilianzia hapo, na skafu zangu kadhaa bado zina kikaratasi chake cha bei. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba palikuwa na mtu aliyekaa na ile nguo mkononi, akaitazama pale ilipochanika.

Jambo hilo ndilo linalonirudisha kwa Ebedmeleki. Yerusalemu umezingirwa na Wakaldayo, mkate unakwisha mjini, na Yeremia ametupwa katika shimo la Malkiya kwa kosa la kusema asiyotumwa na wakubwa kuyasema. Shimo halina maji, lina tope, na nabii anazama. Anayemtetea mbele ya Mfalme Sedekia si kuhani wala jamaa yake. Ni Mkushi, mtu wa Afrika, towashi wa nyumba ya mfalme. Mfalme anamwambia achukue watu 30 wakamtoe.

Watu 30 na kamba wanatosha kumtoa hata ng'ombe. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja shimoni, maana nabii yuko hatarini na kila dakika ina thamani. Ebedmeleki anapita kwanza stoo. Anaingia chumba kilicho chini ya hazina ya mfalme, na pale, karibu na dhahabu kiasi hicho, anakusanya nguo kuukuu na matambara. Nadhani alikuwa anajua yalipo siku zote. Watumishi wa nyumba ndio hujua vitu vilivyochakaa vinawekwa wapi. Hayatupi shimoni yakaangukia tope. Anayateremsha kwa kamba. Kisha anamwambia Yeremia ayaweke kwapani, chini ya kamba.

Kwapani! Mwandishi wa kitabu hiki, aliyekuwa na vita na njaa na wafalme wa kuwaandika, amepata nafasi ya makwapa ya nabii. Mtu aliyekonda, ngozi imelainika kwa tope, akivutwa kwa kamba tupu atatoka mzima lakini amechubuka. Ebedmeleki alikwisha kuusikia ule mchubuko katika mwili wake mwenyewe kabla kamba haijafungwa.

Nimeihubiri habari hii mara nyingi bila kuielewa. Kwaresima iliyopita nilikwenda Ocean Road, kwenye taasisi ya saratani, kumtembelea mama mmoja aliyekuwa kwenye dawa. Nywele zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimechagua skafu 12 katika zile nzuri, zinazong'aa, nimezikunja vizuri kwenye mfuko, na nakiri kwamba njia nzima kutoka Temeke nilikuwa nimefurahishwa na ukarimu wangu. Akachagua ya bluu yenye maua. Akajifunga, tukaomba. Alipoinama kuchukua kikombe, skafu ikateleza yote ikatumbukia kwenye uji.

Alicheka mpaka akashika ubavu. “Nzuri, mchungaji,” akasema. “Ila kichwa changu hakina nywele za kuishika.”

Halafu akanifundisha, kama anavyofundishwa mtoto. Hariri na nailoni zinateleza. Sufu inawasha, ngozi ya kichwa ikiwa kwenye dawa haivumilii. Kinachofaa ni pamba, tena iliyofuliwa miaka mpaka ikasahau kuwa ilikuwa ngumu, yenye upana wa kuzunguka na kufunga fundo nyuma, na pindo lake lisiwe na mshono mnene, kwa sababu mshono ndio unaokaa juu ya paji la uso kutwa nzima. Yeye mwenyewe alikuwa na kipande cha khanga, kimechuja kabisa, jina halisomeki tena. Alikuwa anakifua jioni na kukivaa asubuhi. Wenzake wa chumbani walikuwa wanamwonea wivu.

Nilikuwa nimempelekea kamba bila matambara.

Miaka yote ninayokwenda Tandika nilikuwa nachagua kwa macho. Na ninapotoa, natoa zile nisizozipenda, au zile nzuri nikitaka kuonekana; sikuwahi kuuliza itakaa wapi kwenye mwili wa mtu. Wala si mimi peke yangu, wapendwa. Desemba, kwenye kapu la wahitaji la usharika wetu, nilikuta shati la sare ya shule, safi, limepigwa pasi, halina hata kifungo kimoja. Halikuwa limepoteza vifungo. Vilikuwa vimekatwa kwa wembe kabla shati halijaletwa. Nimelifikiria shati lile kuliko hotuba nyingi nilizosikia mwaka huu. Kisha nakumbuka sanduku langu la skafu, nanyamaza. Yule mtumwa wa Luka 19 alificha fedha ya bwana wake ndani ya leso. Mimi nimeficha leso zenyewe.

Katika zile 64 nimepata 9 za pamba zinazofaa. Moja niliiweka kando mara tatu na kuirudisha sandukuni mara tatu, ya kijivu, laini mno, ndiyo ninayojifunga nikiwa na homa. Mara ya nne ikaenda.

Alhamisi nikarudi Tandika. Safari hii sikutazama rangi. Nilikuwa naingiza mkono chini ya fungu, nachomoa, naisugua skafu shingoni, napapasa pindo kwa kidole gumba. Kijana anayeniuzia alinitazama kwa muda.

“Mama mchungaji, hizo zimechuja. Wewe si mtu wa hizo.”

Nikamwambia nazitaka hizohizo, pamba, zilizochuja zaidi. Akainama chini ya meza akavuta kiroba kizima, kimefungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa skafu za pamba na mashuka yaliyokatwa, laini kama majivu. Kila mwisho wa wiki, akasema, huwauzia mafundi wa gereji, wanafutia mikono na kushikia vyuma vya moto. Mafundi hununua kiroba kwa 6,000.

Nikafungua pochi kabla hajamaliza kusema. Akaona.

“Kwako wewe,” akasema, “elfu kumi.”