Mlango na Mtumbwi

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, yalilipuka, na mabomu yakaruka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Maelfu walitoka gizani, mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake, wakienda wasikokujua. Wengi walihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Msafara ule haukuwa na kiongozi. Aliyepokewa njiani alipokewa kwa kuwa mtu fulani alikubali kufungua mlango usiku.

Gongo la Mboto haina bahari. Palipo na maji, mlango huo huwa ni chombo. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo mawili marefu ya New York yalipoangushwa, umati ulisongamana kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan. Manahodha wa vivuko, wa mashua za kuvuta meli, hata wa mashua za starehe, walianza kuwapakia watu kabla ya kuamriwa. Baadaye walinzi wa pwani wakatangaza kwa redio kwamba kila chombo kilicho karibu kije. Yakisiwa kuwa watu wapatao 500,000 walivushwa kwa muda wa saa 9 hivi.

Wala tusidhani hayo ni ya matajiri. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wavuvi na mitumbwi yao walitangulia kufika. Wakaokoa waliowaweza, ingawa watu 228 walikufa. Ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, kadhalika wavuvi walitangulia. Kati ya watu 43 walipona 24.

Katika Injili ya Luka, nyavu za Petro zilipoanza kukatika, aliwapungia mkono wenzake wa chombo cha pili, nao wakaja. Maneno hayo twayasoma upesi, macho yetu yakiwa kwenye samaki. Lakini wenzake wangalikaa kujadiliana kwanza, kazi yote ingalipotea.

Yuko atakayesema: basi, ikiwa jirani aokoa, wenye mamlaka walaumiwe nini? La, hasha! Mbagala ilikwisha kulipukiwa na mabomu tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya Gongo la Mboto. Kivuko cha Ukara kilikuwa cha watu 101, kikapakia zaidi ya maradufu. Upendo wa jirani si pazia la kufunikia uzembe, na mvuvi asigeuzwe kuwa kisingizio.

Hata hivyo nasi wenye nyumba tunalo letu. Mvuvi wa Ukara aliweza kwenda kwa sababu mtumbwi wake ulikuwa tayari na kasia li karibu. Je, mtoto wetu wa miaka saba aweza kutaja jina kamili la babaye, na parokia yake? Tukitawanyika usiku, tumepatana kukutana wapi? Jumuiya yetu ikutanapo juma hili, kabla ya kutawanyika, tuulizane: katika nyumba hizi ni nani asiyeweza kutembea, na ni nani mwenye gari au bajaji atakayekwenda kumchukua?